Kafunga Utambi, Kashika Kopo

"Kafunga utambi, kashika kopo."

Asubuhi hii mmemsikia Mama Wande akimrushia maneno hayo mwenyekiti wa kamati ya harusi, yule aliyewagawia kazi watu sita kisha akazifanya zote sita mwenyewe. Mmecheka mpaka Joha akajichoma sindano. Sasa mteja ameondoka ndipo mnaniuliza maana yake na ilikotoka. Mlikuwa mnacheka nini, basi? Haya, endeleeni kupiga pindo, masikio hayashoni. Msemo huo msiupeleke kwa wahenga wa zamani. Ulizaliwa hapa hapa Mawe Matatu, mimi Mbuke nikiwa mtu mzima, na vitambaa vilivyouleta duniani vilikatwa juu ya meza hii.

Mlima wetu mnaujua. Nyumba zimepandana juu ya majabali, na ziwa tunaliona lote kutoka barazani, lakini udongo wa kupandia hata kitunguu hakuna, na maji ya bomba yanaishia chini barabarani. Anayetaka mboga hubeba udongo kwa debe, kisha hubeba maji kwa ndoo, ngazi mia na kumi na mbili za mawe. Ndiyo maana wanawake wa hapa wana miguu imara na hasira za karibu.

Nyumba iliyo juu ya duka langu, ile yenye mlango wa kijani, ni ya Mzee Lubango na mkewe Nkwimba, rafiki yangu tangu tulipokuwa wasichana. Lubango alifanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba. Kazi yake ilikuwa moja kwa miaka thelathini: kukaa mbele ya mtambo na kuutazama. Hakuuendesha wala hakuutengeneza. Aliutazama tu, ili ukianza kulia vibaya awaite mafundi. Siku ya kustaafu walimpa barua na saa ya ukutani, akarudi nyumbani na macho yake yale yale, hana cha kuyatazamisha. Mwezi wa kwanza alimtazama Nkwimba akipika. Nkwimba alikuja hapa akaniambia, "Mbuke, mwanamume huyu asipopata kitu cha kutazama, nitamtia kwenye sufuria."

Akapata. Alianza na ndoo iliyopasuka, akaijaza udongo na mbolea ya mbuzi, akapanda mchicha. Mchicha ukakubali. Akaongeza madumu ya mafuta aliyoyakata ubavuni, magunia, tairi, sufuria isiyo na masikio. Siku moja Nkwimba alitafuta beseni lake la kufulia akalikuta lina bamia. Akamwachia, kwa sababu bamia zenyewe zilikuwa nzuri. Mwaka wa pili vyombo vilikuwa thelathini na kimoja, vimejipanga juu ya jabali lao safu mbili: mchicha, mgagani, nyanya, pilipili hoho, spinachi. Mlima mzima tulikula kutoka pale. Ukipita kumsalimia huondoki mikono mitupu, na ukikataa anakasirika.

Kumwagilia alimwagilia kwa kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, amelitoboa chini kwa msumari, matundu ishirini na manne. Idadi hiyo alikuwa akikwambia hata kama hukuuliza. Alfajiri na jioni alizunguka nalo chombo kwa chombo, akiinama, akisema na kila mche kama daktari anayepita wodini. Basi ikawa haendi popote. Harusi ya mpwa wake alikula pilau akiwa amesimama, akaaga. Msiba wa binamu yake alizika na kurudi siku ile ile. Watu walisema Lubango ameoa mke wa pili na mke huyo ni mchicha, naye alicheka pamoja nao, na jioni ilipofika alikuwa na kopo lake.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Lubango na Nkwimba wana mtoto mmoja, Limi. Aliolewa Shinyanga na kijana mmoja mpole, Maduhu, akakaa miaka saba bila kupata mtoto. Mkiisema haraka haraka miaka saba ni michache. Mimi nilimwona Nkwimba akiihesabu mwezi kwa mwezi. Alikuwa akija hapa, anakaa kwenye kiti hicho, anachukua kitambaa chochote anakikunja na kukikunjua. Kisha siku moja ya Alhamisi nikasikia vigelegele kutoka kwenye jabali, na sauti ya Nkwimba, "Mbuke! Limi kajifungua! Msichana!" Nilipanda mbio na futi ya kupimia ikiwa shingoni. Lubango alikuwa anachuma. Alichuma safu nzima, nyanya zilizoiva na ambazo hazijaiva, akashuka ngazi akigawa nyumba hata nyumba, anaimba nyimbo za kilimo alizofundishwa na mama yake. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kubwa namna ile.

Jioni yake ikaja simu kutoka kwa wakwe. Aliyezungumza ni mjomba wa Maduhu, mzee wa heshima, maana baba yake Maduhu alikwisha fariki.

"Mkwe," alisema, "baba wa huyu kijana hayupo. Tumekaa tukaona jina la mtoto tukuachie wewe. Hatapewa jina mpaka umpakate wewe mwenyewe. Tumepanga Jumapili ya tatu kuanzia sasa. Kwa leo tunamwita Mgeni."

Lubango alilia. Kupewa jina la kutoa na ukoo wa watu wengine ni heshima ambayo wengi huenda kaburini bila kuionja. Alimshukuru mkwe mara tatu, akakata simu, akakaa. Kesho yake asubuhi Nkwimba alipomuuliza watasafiri siku gani, alijibu, "Na nani atamwagilia?"

Kwenda Shinyanga si safari kubwa, lakini huwezi kwenda kwa wakwe kumpa mtoto jina ukarudi jioni kama mtu aliyekwenda sokoni. Ni siku nane, si chini. Mimi nilijitolea kumwagilia. Alinishukuru kwa adabu, akasema, "Shemeji, wewe unamwagilia kama unazima moto." Majirani wengine wawili aliwakataa vilevile, mmoja kwa kuwa ana haraka na mwingine kwa kuwa ana maneno mengi. Akamwambia mkewe, "Tangulia wewe, Mama Limi. Mimi nitakuja mambo yakikaa sawa." Na Nkwimba alimjua. Mambo ya Lubango hayakai sawa, kwa sababu hayaachi yakae.

Jioni moja umeme ulikatika, Nkwimba akawasha kibatari. Wakaanza kula. Kisha akamuuliza mumewe, "Baba Limi, mafuta yako chini, moto uko juu. Nani anayapandisha?"

"Utambi."

"Huwa unausimamia?"

"Utambi? Niusimamie wa nini?"

"Basi," akasema Nkwimba, akaendelea kula.

Asubuhi alikuwa hapa kabla sijafungua dirisha. Alitaka vitambaa vyembamba, urefu wa mkono, thelathini na kimoja. Nikampa mabaki ya tetroni ya suruali za shule, mengi, mazuri. Tukaweka karai la maji katikati ya vyombo vitano, ncha moja ya kila kitambaa ndani ya maji, ncha ya pili tukaifukia kwenye udongo. Kesho yake udongo ulikuwa mkavu kama ulivyokuwa. Lubango alikuwa akipita pembeni, anakohoa kikohozi cha mtu aliyejua. Kosa lilikuwa langu, nalisema mpaka leo. Mimi fundi, nimeshika vitambaa tangu utotoni, nimesahau kwamba tetroni hainywi maji, inayokunywa ni pamba. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilichukua khanga yangu kuukuu ya pamba, laini kwa kufuliwa, nikaikata vipande, nikavisokota viwili viwili. Tukafunga upya. Asubuhi nilitia kidole kwenye udongo wa ndoo ya mwisho, nikakitoa kimelowa. Nkwimba alinikumbatia mpaka mgongo ukalia. Ndiyo maana nawapigia kelele mkijue kitambaa kwa vidole, msidanganywe na rangi.

Halafu tukaufanya mpango wenyewe. Juu ya jabali, mahali palipoinuka, Nkwimba na mumewe waliweka pipa lenye mfuniko, wakalijaza kwa siku tatu, ndoo kwa ndoo. Kutoka kwenye pipa mpira mwembamba ulishuka mpaka kwenye kipande kirefu cha mfereji wa bati, kama ule unaokinga mvua kwenye paa, kimezibwa pande zote mbili na kulazwa katikati ya zile safu. Mwisho wa mpira walitia boya la tangi la choo, jipya kabisa, msikunje uso. Maji ya mfereji yakipungua boya linashuka na kufungulia. Yakitosha linapanda na kufunga. Na kutoka kwenye mfereji tambi zangu thelathini na moja zilikwenda kulia na kushoto, kila chombo na wake. Mche unavuta unachohitaji. Hakuna wa kusukuma wala wa kukumbusha. Pipa likijaa linatosha siku kumi.

Watu walipanda mlima kuja kuona. Fundi bomba wa chini alizunguka mara mbili, akasema hajui kwa nini yeye hakuliwaza jambo hilo, akaondoka amenuna. Lubango aliusifia mtambo wa mkewe mbele ya kila mtu, na alikuwa mkweli. Alikubali kwamba watajaribu wiki moja kisha wasafiri. Nguo za safari zikaletwa hapa kwangu kupunguzwa.

Siku ya nne majani ya mchicha yakaanza kugeuka njano.

Siku ya tano nyanya zikainama. Siku ya sita mgagani, ambao mnajua ulivyo mkaidi, ukalegea. Lubango alikuwa anapita katikati ya vyombo amefunga mikono nyuma, hamlaumu mkewe hata kwa neno, na huo wema wake ulimchoma Nkwimba kuliko lawama. Siku ya saba akawapigia simu wakwe. Nilikuwepo, nimepeleka suruali. Alisema, "Mkwe, naomba Jumapili isogezwe wiki moja. Mboga zimeugua."

Sauti ya yule mjomba ikasikika mpaka kwangu, "Mboga, mkwe?"

"Mboga."

"Haya," alisema yule mzee. "Mgeni ataendelea kuwa Mgeni."

Mimi ningetamani jabali linimeze. Lakini hiyo ilikuwa mvua ya rasharasha. Mvua yenyewe ilikuja jioni, Limi alipompigia mama yake. Nkwimba alishuka hapa baada ya simu hiyo. Kiti hakukikalia. Alisimama mlangoni akasema, "Mbuke, mwanangu ananiuliza kama baba yake hamtaki mtoto wake. Anauliza kama ni kwa sababu amezaa msichana. Nimjibu nini? Nimwambie baba yako anauguza spinachi?"

Hapo na mimi hasira zikanipanda. Nikapanda naye mpaka juu. Lubango hakuwepo, alikuwa amekwenda bombani. Nikatia mkono kwenye dumu la kwanza. Udongo ulikuwa tope. Dumu la pili tope, gunia la tatu tope linalonuka. Nikamwambia, "Nkwimba, hizi hazijaugua kiu. Hizi zinakufa maji." Tukatazamana. Utambi wa pamba hauwezi kufanya tope, hata ungetaka; udongo ukilowa unaacha kuvuta.  Nkwimba alikuwa amekwisha elewa, na alijifanya hajaelewa mpaka asubuhi.

Alfajiri niliamka nikatoka uani kuwasha jiko, kumepambazuka kidogo, nikasikia sauti juu ya ukuta.

"Unafanya nini, Baba Limi?"

Nikachungulia. Lubango alikuwa ameinama juu ya sufuria isiyo na masikio, kopo mkononi, maji yanatoka kwenye yale matundu yote ishirini na manne. Alishtuka, mengine yakamwagikia miguuni.

"Naangalia tu," alisema.

"Unaangalia kwa kopo?"

Akalivuta kopo karibu naye.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile tulipofunga." Alikuwa ameshika kopo kifuani sasa, kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani. "Alfajiri, na jioni ukiwa jikoni. Nilidhani utambi hautoshi. Halafu majani yalipogeuka nikajua mchicha una kiu, nikaongeza."

Nkwimba alitazama utambi uliofukiwa kwenye sufuria ile, umelowa, unafanya kazi yake. Akatazama kopo. Nilimwona anavuta pumzi, nikajua mlima mzima utasikia, na ulisikia.

"Yaani wewe! Umefunga utambi, umeshika kopo! Umefunga utambi, Lubango, umeshika kopo! Mchicha unanyweshwa miguuni, unanyweshwa kichwani, upumue saa ngapi? Halafu unawapigia watu wazima simu, mboga zimeugua! Mgonjwa ni nani hapa?"

Madirisha yakafunguka. Mtu alicheka kule juu, mwingine akadakia huku chini, na mimi, Mungu anisamehe, nilishika ukuta nikacheka mpaka machozi. Nkwimba mwenyewe alianza kucheka katikati ya kugomba, kwa sababu maneno yalikuwa yamemtoka matamu bila kukusudia. Lubango peke yake hakucheka. Alikaa juu ya jabali, kopo kwenye magoti.

"Mama Limi," alisema, "kile kiwanda, wiki ile ile niliyoondoka, walifunga mashine inayojitazama yenyewe. Nilipitisha mwaka mmoja nikisubiri waniite kuuliza jambo, hata dogo. Hawakuniita. Mtambo haukuharibika hata siku moja." Akaligeuza kopo. "Sasa nikienda siku nane nikarudi nikazikuta zimestawi bila mimi, hapa nitakuwa nani?"

Kicheko kilinikauka. Mimi niliyekuwa jirani yake miaka yote ile sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa na huzuni hiyo huku ana nyanya nyingi namna ile. Mazoea yana taabu, wanasema, nami nilidhani ni mazoea tu.

Nkwimba alikaa karibu naye. Hakupaza sauti tena, lakini mimi nilisikia, nisingekubali nisisikie.

"Utambi unaweza kunywesha mchicha," alisema. "Hauwezi kumpa mtoto jina. Kule Shinyanga wana wazee wao na majina yao, na wamekutaka wewe. Na binti yako anauliza kama humtaki mwanawe."

"Limi kasema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Jana. Analia."

Lubango alikaa kama aliyepigwa. Kisha akainuka, akaja mpaka ukutani nilipokuwa nimejificha bila kufichika, akaninyooshea kopo.

"Shemeji, lifungie dukani. Hata nikirudi kuliomba kwa machozi, usinipe."

Nililifungia kwenye droo ya vifungo. Asubuhi hiyo hiyo alimpigia mkwe wake simu. Hakutaja mboga. Alisema, "Mkwe, nilikosa. Jumapili ijayo nitakuwa hapo, nikiwa hai." Kisha akampigia Limi, na hiyo simu aliipigia nje, mbali na masikio yangu, akarudi macho mekundu na uso umenyooka. Tambi zote zikachomolewa siku tatu ili tope likauke, zikarudishwa, pipa likajazwa mpaka juu. Wakaondoka Ijumaa.

Safari yenyewe nimesimuliwa na Nkwimba, na Nkwimba hadanganyi, huongeza chumvi kidogo tu. Basi lilipofika Misungwi likasimama kushusha watu, Lubango akainuka na mkoba wake. Alisema anataka tu kununua karanga. Nkwimba alimshika pindo la koti, lile nililolipunguza mimi kwa uzi wa mara mbili, halikuachia. Karanga wakanunulia dirishani.

Kwangu alipiga simu Ijumaa jioni. "Shemeji, zinaendeleaje?"

"Sijui. Sijapanda."

Jumamosi asubuhi akapiga tena. "Hata kuchungulia?"

"Sijachungulia."

Na wala sikudanganya, ingawa nilipata shida. Jumamosi mchana jua liliwaka kweli, nikachukua jagi la maji nikaanza kupanda. Nilikuwa nimefika katikati ya njia nilipojisikia mwenyewe nikisema yale maneno, polepole, "Kafunga utambi, kashika kopo." Nikakaa pale pale nikayanywa maji yote, nikarudi. Maana kufikia siku hizo msemo ulikuwa umekwisha shuka mlima. Kwenye foleni ya bomba mama mmoja alimwambia hivyo mwenzake aliyemtuma binti dukani kisha akamfuata nyuma. Kwenye kikao cha mtaa alirushiwa katibu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtu akisema amekupa kazi na mkono wake haujatoka juu yake, watu wa Mawe Matatu walikuwa wamepata jina la ugonjwa huo.

Jumapili Lubango hakupiga simu. Nilikaa karibu nayo mpaka mchana, nikiwa na jibu langu tayari, nayo haikulia. Nilifurahi peke yangu hapa dukani kama mwendawazimu. Jumatatu nikapanda kuangalia, kwa mikono mitupu. Mchicha ulikuwa umetoa majani mapya mapana, kijani cha kweli, na mgagani umesimama. Boya lilishuka mbele ya macho yangu, maji yakaja kidogo, likapanda, yakakoma. Sikugusa kitu.

Mambo ya huko Shinyanga yalikwenda hivi. Uani kwa wakwe kulikuwa na watu wengi, ngoma pembeni, akina mama wamevaa sare. Lubango aliwekewa kiti katikati. Alikuwa amenyoa ndevu, na Nkwimba anasema mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imefunguka, haina la kufanya, na kwa mara ya kwanza haikumsumbua. Yule mzee, mjomba wa Maduhu, akasema maneno machache kumkaribisha mkwe wake, akamwita Limi amlete mtoto.

Mnajua Limi alikuwaje siku hizo? Baada ya miaka saba ya kusubiri, mtoto hakumtoka mikononi. Mama mkwe akimbeba, Limi anasimama nyuma yake. Wifi akimbeba, Limi anahesabu mpaka kumi na kumchukua. Usiku alikuwa akilala ameketi. Alikuja na mtoto amemfunika kwa khanga mpya, akapiga magoti mbele ya baba yake, akamweka kwenye mikono yake. Lubango akampokea. Watu wakasubiri jina.

Jina halikuja. Lubango alikuwa anamtazama mtoto, kisha anatazama chini ya mtoto, na uso wake ukaanza kukunjuka. Chini ya mikono yake kulikuwa na mikono mingine miwili. Limi alikuwa amemtoa mtoto na hajamwachia, ameikinga mikono ya baba yake kwa ya kwake.

Lubango akacheka. Nkwimba anasema alicheka kicheko cha ujana wake, kile alichomposea, mpaka mtoto akafumbua jicho moja.

"Limi, mwanangu," alisema taratibu, ili asikie yeye tu na mama yake aliyekuwa karibu, "umefunga utambi, umeshika kopo. Toa mikono. Ninaye."

Limi akamtazama baba yake. Akatoa mkono mmoja, akasubiri. Akatoa na wa pili.

"Minza," alisema Lubango kwa sauti ambayo uani wote ulisikia, jina la mama yake, na vigelegele vikapanda.